Kukomesha Majaribio ya Nyuklia: Mikataba Minne, na Upi wa Kuanza Kuutetea

Mtu anayetaka majaribio ya silaha za nyuklia yakome moja kwa moja hukutana mapema na jambo linalochosha: mikataba ni mingi, majina yake yanakaribiana, na kila mmoja una watetezi wanaouzungumzia kana kwamba mingine haipo. Mwanafunzi aliyepewa mada ya mdahalo, mbunge aliyeombwa kuunga mkono hoja ya kuridhia, chama cha raia chenye fedha kidogo kinacholazimika kuchagua kampeni moja tu, mwalimu anayetaka kulieleza suala hili katika kipindi kimoja, wote hufika kwenye swali lile lile la wapi pa kuweka nguvu zao. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao. Naiweka mikataba hiyo bega kwa bega na kuipima kwa maswali yale yale, kwa sababu naamini kwamba mingi ya mivutano kati ya watetezi wake hutokana na kulinganisha nguvu ya mkataba mmoja na udhaifu wa mwingine.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne. Ya kwanza ni Mkataba wa Moscow, unaokataza majaribio yote isipokuwa ya chini ya ardhi, uliotiwa saini tarehe 5 Agosti 1963 na Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti. Ya pili ni mikataba ya kanda zisizo na silaha za nyuklia, kama ule wa Tlatelolco wa 1967 kwa Amerika ya Kilatini na Karibi, wa Rarotonga wa 1985 kwa Pasifiki ya Kusini, na wa Pelindaba wa 1996 kwa Afrika. Ya tatu ni Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio Yote ya Nyuklia, uliofunguliwa kwa saini tarehe 24 Septemba 1996 na unaojulikana kwa herufi CTBT. Ya nne ni Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia wa 2017, unaojulikana kwa herufi TPNW.

Sikuihesabu kuwa njia ya tano ile desturi ya mataifa kutangaza kwamba yamesitisha majaribio kwa hiari yao. Usitishaji huo umesaidia sana. Jaribio la mwisho la Umoja wa Kisovieti lilikuwa Oktoba 1990, la Uingereza Novemba 1991, la Marekani Septemba 1992, la Ufaransa Januari 1996 na la China Julai 1996. Lakini tangazo la kiongozi mmoja hufutwa na tangazo la kiongozi mwingine. Marekani na Umoja wa Kisovieti zilisitisha majaribio mwaka 1958, na kufikia Septemba 1961 yalikuwa yamerejea kwa kishindo. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo Wasovieti walilipua juu ya visiwa vya Novaya Zemlya, kaskazini mwa Urusi, bomu la megatani 50 (sawa na tani milioni 50 za baruti ya TNT), ambalo halijapata kupitwa kwa ukubwa hadi leo.

Vigezo vya kupimia

Maswali ninayoyatumia ni matano. Mkataba unakataza nini hasa, na unaacha nini nje ya katazo? Ni nani aliyefungwa nao kisheria, na je, miongoni mwao wamo wenye mabomu? Nchi ikivunja ahadi, ni nani atakayeona, na ataonaje? Watu waliokwisha kuumizwa na majaribio wanapata nini? Na nchi ikitaka kujitoa, mlango wa kutokea ni mpana kiasi gani? Swali la tatu nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo ambalo watetezi wengi hulipita haraka, ilhali wajumbe wa serikali hulitanguliza.

Kinachokatazwa na kinachoachwa

Ili kuuelewa Mkataba wa Moscow ni vizuri kuanza na meli moja ya uvuvi. Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954 wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa katika meli ya Daigo Fukuryu Maru, nje ya eneo ambalo Marekani ilikuwa imelitangaza kuwa la hatari, waliona mwanga mkubwa upande wa magharibi. Saa chache baadaye jivu jeupe lilianza kudondoka juu ya sitaha, likawaingia machoni na kwenye nywele, likakwama katika mavazi yao, nao wakalikusanya kwa mikono mitupu wakiwa hawajui ni kitu gani. Yalikuwa matumbawe ya kisiwa cha Bikini, katika Visiwa vya Marshall vya Pasifiki, yaliyosagwa na kurushwa angani na bomu la megatani 15, nguvu iliyozidi mara mbili ile waliyoikadiria walioliunda. Aikichi Kuboyama, fundi wa redio wa meli hiyo, alifariki Septemba mwaka ule ule. Watu wa kisiwa cha Rongelap, waliomwagikiwa na jivu hilo hilo, walikaa takriban siku mbili kabla ya kuondolewa.

Kutoka hapo hoja ya kupiga marufuku majaribio iliingia majumbani mwa watu. Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India, alitoa wito wa kuyasimamisha mwezi mmoja tu baada ya tukio hilo. Mjini St. Louis, Marekani, wanasayansi na akina mama walikusanya maelfu ya meno ya utotoni ili kupima strontiamu-90, chembe ya mionzi ambayo mwili huidhania kuwa kalsiamu na kuijenga ndani ya mifupa. Ilishuka na mvua ikatua kwenye majani, ng'ombe akayala, na mtoto akaipata katika maziwa.

Mkataba wa Moscow ulijibu hofu hiyo, na ukaishia hapo. Ulikataza milipuko angani, katika anga za juu na chini ya maji, lakini ukairuhusu ile ya chini ya ardhi mradi mabaki ya mionzi yasivuke mipaka ya nchi iliyolipua. Matokeo yake ni ya pande mbili. Hewa ilianza kusafika, na hilo ni jambo ambalo mamilioni ya watu waliozaliwa baadaye wamefaidika nalo bila kulijua. Hata hivyo majaribio yenyewe hayakupungua; yalihamia mashimoni, na sehemu kubwa ya majaribio zaidi ya 2,000 yaliyofanyika duniani tangu 1945 ilifanyika baada ya mkataba huo kuanza kutumika.

Mikataba ya kanda hukataza kila jaribio, la juu na la chini, lakini ndani ya kanda husika. Katika ule wa Pelindaba nchi mwanachama huahidi pia kutosaidia wala kuhimiza jaribio la nchi yoyote mahali popote. Kifungu hicho si maneno matupu kwa bara ambalo Ufaransa ililipua ndani yake mabomu 17 kati ya 1960 na 1966, huko Reggane na In Ekker katika Sahara ya Algeria, na ambalo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilichimba ndani yake mashimo ya majaribio katika jangwa la Kalahari kabla ya kuachana na mpango wake wa mabomu.

CTBT ndio wenye katazo lililo wazi kuliko yote kuhusu majaribio yenyewe. Haukubali mlipuko wowote wa nyuklia, mkubwa au mdogo, mahali popote, hata ukiitwa wa amani. Kinachobaki nje ni kazi ya maabara: hesabu za kompyuta, pamoja na majaribio yanayotumia baruti ya kawaida kuibana plutoniamu bila kuifikisha kwenye mnyororo wa mlipuko wa nyuklia. India ililipinga jambo hili mwaka 1996, ikisema kwamba mataifa yenye historia ndefu ya majaribio yangeendelea kuboresha silaha zao huku wengine wamefungiwa nje. Nadhani hoja hiyo ina uzito hata kwa mtu asiyekubaliana na uamuzi wa India wa kulipua mabomu Mei 1998.

TPNW unaziba pengo hilo kwa njia tofauti, kwa kuwa jaribio ndani yake ni tendo moja katika orodha. Ni marufuku kubuni, kujaribu, kutengeneza, kumiliki, kutumia au kutishia kutumia silaha hizo. Anayekatazwa hata kubuni hana sababu ya kwenda maabara.

Nani amefungwa

Mkataba wa Moscow una nguvu ambayo watu huisahau. Umeanza kutumika tangu tarehe 10 Oktoba 1963, hauna kikomo cha muda, na ndani yake wamo Marekani, Urusi, Uingereza, India, Pakistan na Israeli. Ufaransa na China zilikataa kuingia na zikaendelea kulipua angani, Ufaransa hadi 1974 huko Polynesia na China hadi tarehe 16 Oktoba 1980. Tangu siku hiyo hakuna jaribio la angani ambalo nchi yoyote imekiri kulifanya. Desturi iliyojengwa na mkataba iliwafikia hata wasioutia saini, na hapo pana funzo kwa wanaodai kwamba mkataba usio na wote hauna maana.

Hali ya CTBT ni ya kusikitisha kuliko zote, kwa sababu umekaribia mno kukamilika. Nchi 187 zimetia saini na takriban 178 zimeridhia. Lakini walioutunga waliweka sharti kwamba hautaanza kutumika hadi nchi 44 zilizotajwa kwa majina, zenye vinu vya nyuklia wakati wa mazungumzo, ziridhie zote bila kubakia hata moja. India, Pakistan na Korea Kaskazini hazijatia saini. Marekani, China, Misri, Iran na Israeli zimetia saini bila kuridhia. Bill Clinton alikuwa wa kwanza kutia saini, lakini Seneti ya nchi yake iliukataa tarehe 13 Oktoba 1999 kwa kura 51 dhidi ya 48. Urusi iliyokuwa imeridhia ilifuta uridhiaji wake Novemba 2023, ingawa saini yake imebaki. Zimebaki tisa, na kila moja inaweza kuwazuia wengine wote. Oktoba 2025 rais Donald Trump alitangaza kwamba ameagiza Marekani ianze kujaribu silaha zake sawa na wengine. Waziri wake wa nishati alieleza baadaye kwamba si milipuko ya nyuklia iliyokusudiwa, lakini tangazo hilo lilitosha kuonyesha jinsi ukuta usiokamilika unavyotikisika.

Pamoja na hayo, si haki kuuita mkataba mfu. Nchi iliyotia saini inapaswa, kwa sheria ya kimataifa ya mikataba, kutofanya jambo la kubomoa lengo la mkataba huo wakati unasubiri. Na ushahidi wa vitendo upo: katika karne hii ni Korea Kaskazini peke yake iliyolipua nyuklia, mara sita, kati ya 2006 na 2017.

TPNW uliungwa mkono na nchi 122 tarehe 7 Julai 2017, Uholanzi ikiupinga na Singapore ikijizuia kupiga kura. Ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021 baada ya nchi 50 kuridhia, bila kuhitaji ruhusa ya mwenye bomu. Gharama ya uhuru huo ni kwamba hakuna hata nchi moja yenye silaha za nyuklia iliyojiunga.

Mikataba ya kanda huwagusa wenye silaha kwa njia ya itifaki za nyongeza, yaani hati za pembeni ambazo nchi zenye silaha huzisaini na kuziridhia peke yake. Tofauti kati ya mkataba na itifaki yake ilionekana vizuri Pasifiki: Mkataba wa Rarotonga ulianza kutumika Desemba 1986, lakini Ufaransa, ambayo haikuwa imetia saini itifaki, iliendelea kulipua Moruroa na Fangataufa hadi tarehe 27 Januari 1996, kisha ikasaini miezi miwili baadaye. Kwa Pelindaba, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China zimeridhia itifaki inayozikataza kujaribu silaha barani Afrika, ilhali Marekani imetia saini tu.

Nani ataona

Hapa CTBT unasimama mbali na mingine mitatu, na mtu anayetaka kuutetea afadhali aanzie hapa kuliko kwenye hotuba za amani. Mtandao wake wa ufuatiliaji umepangwa kuwa na vituo na maabara 337 duniani, na zaidi ya 300 kati ya hivyo vimekwisha kuthibitishwa. Vituo 170 husikiliza mitetemo ya ardhi, 11 husikiliza sauti baharini, 60 hunasa sauti za masafa ya chini mno ambazo sikio la binadamu halizisikii, na 80 huchuja hewa kutafuta chembe za mionzi. Takwimu zote huenda Vienna, Austria, yaliko makao ya taasisi ya mkataba huo, na kutoka hapo huzifikia nchi zilizotia saini, tajiri kwa maskini.

Kila aina ya kituo ina kazi yake. Mlipuko husukuma mwamba kuelekea pande zote kwa wakati mmoja, wakati tetemeko la kawaida hutokea pale matabaka ya mwamba yanapoteleza moja dhidi ya jingine, kwa hiyo mawimbi yao huandikwa kwa namna tofauti kwenye mitambo na wataalamu hulitambua jambo hilo. Lakini mtetemo hauwezi kuthibitisha kwamba kilicholipuka ni nyuklia. Baruti nyingi iliyofukiwa pamoja inaweza kufanana nayo. Kinachomaliza ubishi ni gesi. Zenoni inayozaliwa katika mlipuko wa nyuklia haishikamani na kitu, hupenya nyufa za mwamba polepole hadi juu, kisha hubebwa na upepo. Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, bomu lenyewe likiwa dogo lisilofikia kilotani moja, mitetemo ilinaswa na vituo zaidi ya 20, na wiki mbili hivi baadaye kituo cha Yellowknife kaskazini mwa Canada, ng'ambo ya Pasifiki nzima, kiliinasa zenoni yake. Baada ya jaribio la Februari 2013 gesi ilichukua takriban siku 55 kabla ya kunaswa Takasaki, Japani. Subira ya namna hiyo inahitaji chombo kinachochuja hewa usiku na mchana bila kujali kama kuna habari au hakuna.

Mtandao huo umesaidia hata mbali na nyuklia. Nyambizi ya Argentina, ARA San Juan, ilipopotea Novemba 2017 na mabaharia 44, vituo viwili vya kusikiliza bahari, karibu na visiwa vya Ascension na Crozet, vilikuwa vimenasa sauti iliyosaidia kuonyesha eneo la kutafuta, na mabaki yake yalipatikana mwaka uliofuata.

Upungufu wake ni mmoja na ni mkubwa. Ukaguzi wa mahali penyewe, yaani wataalamu kutumwa kwenye eneo lisilozidi kilomita za mraba 1,000 baada ya kura 30 katika baraza la nchi 51, hauwezi kufanyika hadi mkataba uanze kutumika. Mitambo inasikia, lakini mkaguzi hana ruhusa ya kubisha hodi.

Mkataba wa Moscow hauna chombo chochote cha uhakiki. Kila nchi hujitazamia kwa vyombo vyake. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani ya aina ya Vela iliona mimweko miwili ya haraka juu ya bahari za kusini, dalili inayofanana na bomu la nyuklia, na hadi leo ubishi juu ya kilichotokea haujafungwa, kwa sababu hapakuwa na mamlaka ya pamoja ya kuusikiliza ushahidi na kuutolea uamuzi. Mikataba ya kanda ina taasisi zake, kama ile ya Mexico City kwa Tlatelolco na tume ya nishati ya nyuklia ya Afrika kwa Pelindaba, ambazo hupokea taarifa na malalamiko lakini hazina mitambo ya kunasa milipuko. TPNW hutegemea ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kwa vifaa vya nyuklia, na utangulizi wake unakiri wazi umuhimu wa CTBT na mfumo wake wa uhakiki.

Walioumia wanapata nini

Kwa kigezo hiki mizani inageuka kabisa. Mkataba wa Moscow, CTBT na mikataba ya kanda inatazama jaribio lijalo. Aliyekwisha kuchomwa na jaribio lililopita haoni ndani yake haki yoyote anayoweza kuidai. Fidia, pale ilipotolewa, ilitoka katika sheria za nchi moja moja, nayo ilikuwa na mipaka inayouma. Sheria ya fidia ya Marekani ya 1990 haikuwahusu wakazi wa New Mexico walioishi karibu na mahali pa jaribio la kwanza kabisa la tarehe 16 Julai 1945, na walisubiri hadi 2025 ndipo ilipopanuliwa kuwafikia.

TPNW unasema tofauti. Kifungu chake cha 6 kinaitaka nchi mwanachama kuwasaidia, kwa matibabu, ushauri na msaada wa kijamii na kiuchumi, watu walio chini ya mamlaka yake walioathirika na matumizi au majaribio ya silaha hizo, na kuchukua hatua za kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Kifungu cha 7 kinadai ushirikiano wa nchi nyingine. Kazakhstan, ambako Wasovieti walilipua mara 456 katika uwanja wa Semipalatinsk, na Kiribati, ambako Uingereza na Marekani zilijaribu mabomu yao, ndizo zilizoongoza kazi ya kuvitekeleza vifungu hivyo. Udhaifu unaonekana mara moja: mzigo wa kwanza unamwangukia mwenye wagonjwa, na aliyelipua, kwa kuwa hajajiunga, hawezi kulazimishwa. Hata hivyo naona ni hatua ya haki kwamba kwa mara ya kwanza mkataba wa silaha za nyuklia umemtaja mgonjwa, na si bomu peke yake.

Mlango wa kutokea

Yote minne inaruhusu kujitoa kwa kutoa taarifa. Mkataba wa Moscow na ule wa Tlatelolco inataka miezi mitatu, CTBT miezi sita, na Pelindaba, Rarotonga na TPNW miezi 12. Muda mrefu huwapa majirani na raia nafasi ya kushawishi, lakini sidhani kigezo hiki peke yake kiamue chaguo la mtu.

Kila mmoja unamfaa nani

Mkataba wa Moscow unamfaa zaidi mwanafunzi, mwalimu na mwandishi anayetaka kuonyesha kwamba shinikizo la umma linaweza kuwafikisha mahasimu mezani, na pia mwanasheria anayetafuta msingi usiobishaniwa dhidi ya mlipuko wa angani. Kama kampeni ya leo, hauna kazi kubwa iliyobaki.

Mikataba ya kanda inawafaa watu ambao serikali zao husikilizana na majirani kuliko na mataifa makubwa, na wanaotaka lengo linalofikika. Itifaki ambayo nchi moja kubwa haijairidhia ni lengo dogo na la wazi, na barua ya kuidai haihitaji kurasa nyingi.

CTBT unawafaa wanasayansi, wabunge, wanadiplomasia na yeyote anayezungumza na watu wenye shaka, kwa kuwa hoja zake hupimika. Unamfaa pia mwenye subira, maana kazi iliyobaki iko katika miji mikuu tisa.

TPNW unawafaa jamii za waathirika, vyama vya kidini na vya kitabibu, na vijana wanaoona kwamba kukataza jaribio huku ukiliacha bomu ghalani ni kazi nusu. Ni uwanja ambao nchi ndogo ina sauti kamili.

Kwa hali uliyonayo

Kwanza ondoa hofu kwamba kuchagua mmoja ni kuukataa mwingine. Austria, Mexico, Afrika Kusini, New Zealand na Kazakhstan zimo katika CTBT na TPNW kwa pamoja, kwa hiyo kinachochaguliwa ni pa kuanzia na pa kutumia fedha.

Ikiwa nchi yako ni mojawapo ya zile tisa, anza na CTBT, hata kama moyo wako uko kwenye TPNW. Hakuna raia wengine duniani wenye uwezo wa kuondoa kizuizi hicho. Mahali ambapo bunge au seneti ndiyo iliyokwamisha, peleka ushahidi wa mitambo, kwa kuwa moja ya hoja zilizotolewa Washington mwaka 1999 ni kwamba udanganyifu usingeweza kugunduliwa, na tangu wakati huo mtandao umejengwa na umefanya kazi mara sita mbele ya macho ya dunia.

Ikiwa nchi yako imekwisha kuridhia CTBT na haina silaha, kampeni ya kuridhia haina la kuongeza. Hapo kazi yenye maana ni kuhakikisha vituo vilivyo katika ardhi yake vinatunzwa na michango inalipwa, kisha kuitazama TPNW.

Ikiwa nchi yako haina silaha zake lakini inategemea kinga ya nyuklia ya mshirika, TPNW utapata upinzani mkali kwa sababu unakataza kuhimiza tishio la kuzitumia. Unaweza kuchagua kuubeba mjadala huo waziwazi, au kuanza na CTBT ambao serikali yako huenda inauunga mkono tayari na kumdai mshirika auridhie. Njia zote mbili ni za heshima. Tofauti ni kama unahitaji matokeo katika bunge hili au unajenga maoni ya kizazi kijacho.

Ikiwa unaishi mahali palipolipuliwa, au unafanya kazi na watu wake, vifungu vya 6 na 7 vya TPNW ndivyo vitakavyokupa lugha ya kudai matibabu na usafishaji. Viambatanishe na madai ya sheria ya fidia katika nchi iliyolipua, kwa kuwa fedha nyingi ziko huko. Kumbuka pia kwamba uwanja wa Semipalatinsk ulifungwa tarehe 29 Agosti 1991, miaka miwili na nusu baada ya mshairi Olzhas Suleimenov na wenzake kuanzisha harakati ya raia, bila kusubiri mkataba wowote.

Na ikiwa ulichonacho ni jioni moja tu ya kujiandaa kwa mdahalo, soma vifungu vya mwanzo vya CTBT na TPNW sambamba, uandike kwenye karatasi kile ambacho kila kimoja hakikitaji. Mpinzani wako ataanzia hapo.